Uhariri wa jeni umefika kwenye selimundu: nani atatibiwa, na mpaka tuuweke wapi?

#1 Mzawa wa Muheza (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Ninaomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo kwa miaka mingi tulilisoma kama habari za nchi za mbali, yaani uwezo wa binadamu kuingia ndani ya seli ya mwenzake na kubadili maandishi ya jeni aliyozaliwa nayo. Nitalijadili kupitia ugonjwa mmoja tu, selimundu, au siko seli kama wengi tunavyouita mitaani. Tiba ya kwanza duniani ya CRISPR, yaani mkasi wa kukata vinasaba, kuidhinishwa na mamlaka za dawa ilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu pamoja na ndugu yake thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, na wanaougua hatuna haja ya kuwatafuta mbali, maana tunaishi nao nyumba moja.

Mdogo wangu wa kiume anao. Usiku ninaoukumbuka kuliko mwingine wowote nilikuwa na miaka 9, naye hajafikisha 2. Vidole vya mikono yake yote miwili vilikuwa vimevimba hadi ngozi inang'aa. Mama alikuwa akichovya kanga kwenye beseni la maji ya moto, anaikamua, anamzungushia mikono, inapopoa anaanza upya, na aliendelea hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Mtoto alikuwa ameshaacha kulia kwa sauti, akawa anaguna tu kila kanga ilipomgusa. Kulipokucha alipelekwa kwa mzee mmoja wa jirani aliyemchanja chale kwenye viwiko, kwa maelezo kwamba mtoto amechezewa. Makovu hayo anayo hadi leo, na sasa ni mtu mzima mwenye familia. Jina la ugonjwa tulilipata akiwa na miaka 6, baada ya kupita hospitali mbili zilizomtibu malaria ambayo hakuwa nayo. Ninayaeleza haya ili msomaji ajue ninaongea nikiwa wapi: ni kaka wa mgonjwa, niliyelazimika kusoma.

Kosa lenyewe ni dogo kiasi cha kushangaza. Katika kromosomu ya 11 ipo jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Maelekezo hayo yameandikwa kwa alfabeti yenye herufi nne tu, na mahali pamoja palipotakiwa kuwa na A pameingia T. Ni herufi moja kati ya takriban bilioni 3 zilizomo katika vinasaba vya binadamu. Kwa sababu ya herufi hiyo, hemoglobini ikishaachia oksijeni hugandana na kujipanga kama vijiti, chembe hupinda na kuwa na umbo la mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na hapo maumivu huanza. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine, na kwa hiyo selimundu ukawa ugonjwa wa kwanza kuelezwa kwamba ni ugonjwa wa molekuli. Naomba mwaka huo ukumbukwe, kwa sababu kutoka kuujua ugonjwa kwa kiwango hicho hadi kupata tiba ya kuubadili kutoka ndani imepita zaidi ya miaka 70.

Tiba hiyo haikuirekebisha herufi yenyewe. Ilipita njia ambayo mwili uliionyesha. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, hemoglobini ya kijusi, na huendelea nayo kwa miezi michache baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu kwa kawaida haonyeshi dalili katika miezi ya mwanzo. Madaktari walikuwa wamekwisha kuona watu waliorithi selimundu lakini hemoglobini yao ya kijusi haikuzimika, na watu hao waliishi bila taabu kubwa. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayosimamia kuzimwa huko. Miaka minne baadaye Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza jinsi kinga ambayo bakteria huitumia dhidi ya virusi inavyoweza kugeuzwa kuwa mkasi wa kukata vinasaba mahali panapotakiwa, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Ukiunganisha mambo hayo mawili umepata tiba: mgonjwa anatolewa seli shina za damu, yaani zile zinazozaa chembe za damu, zinapelekwa kiwandani, swichi ya BCL11A inaharibiwa kwa mkasi huo ndani ya seli hizo, kisha zinarudishwa mwilini kupitia mshipa, nazo zinaanza kutengeneza hemoglobini ya kijusi.

Mamlaka ya Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy, tarehe 16 Novemba 2023, na ile ya Marekani tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, kwa wagonjwa kuanzia miaka 12. Katika jaribio lililotegemewa na Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kubwa la maumivu. Kwa mtu aliyekesha na kanga ya maji ya moto, tarakimu hizo hazisomwi kwa macho makavu.

Tusisome upande mmoja tu, hata hivyo. Kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa hupewa busulfani, tibakemikali inayoua uloto wake wa zamani, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ili ule mpya upate nafasi. Hukaa wodini wiki kadhaa akiwa karibu hana kinga, na dawa hiyo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Tiba nyingine ya jeni iliyoidhinishwa Marekani siku ileile, Lyfgenia, imewekewa onyo rasmi kuhusu saratani ya damu. Halafu kuna bei. Casgevy ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ambazo ni zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania.

Niliichukua kalamu nikapiga hesabu. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wetu ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Ukiwazidisha kwa shilingi bilioni 5 tu, unapata shilingi trilioni 55. Bajeti nzima ya Serikali kwa mwaka 2024/25, ikiwa na mishahara, barabara, shule, ulinzi na malipo ya madeni, ilikuwa trilioni 49.35. Yaani watoto wa mwaka mmoja wa ugonjwa mmoja wangeimaliza bajeti ya taifa na bado wangebaki wasiofikiwa.

Ninaposoma mijadala ya maadili ya uhariri wa jeni, sehemu kubwa inahusu hofu ya watoto wa kuchagua sura na akili, na kama binadamu anaruhusiwa kugusa maumbile. Maswali hayo yana uzito na nitayarudia. Lakini ninaamini kwamba kwetu swali la kwanza la maadili ni nani anafikiwa, kwa sababu ugonjwa unaolala zaidi Afrika umepata tiba ambayo haiwezi kuingia Afrika kwa bei na kwa utaratibu wake wa sasa, wakati watoto wengi wenye selimundu barani humu wanakadiriwa kufariki kabla ya kutimiza miaka 5, wengi wao bila hata kupimwa. Ninaomba michango yenu, hasa kutoka kwa wazazi na watu wa maabara.

#2 Mama Wawili

Kaka yangu, asante kwa uzi huu. Mimi na baba watoto wote ni AS, yaani tumebeba jeni ya selimundu mara moja bila kuugua, na hatukujua mpaka mtoto wetu wa pili alipoanza kuumwa. Yeye ni SS, ameirithi kwetu sote wawili na ndiye mgonjwa, ana miaka 4. Wa kwanza ni AA, hana jeni hiyo kabisa. Tulitamani mtoto wa tatu, na sasa kila tukizungumza jambo hilo tunaishia kunyamaza, kila mmoja anageukia upande wake. Nimesikia kwamba huko mbele itawezekana kulirekebisha kosa hili mtoto akiwa bado kiinitete, kabla hata ya mimba kutungwa tumboni. Kama linawezekana, kwa nini watu wa maadili wanalikataza? Naomba jibu la kweli, hata kama ni gumu kulisikia, kwa sababu mimi sitafuti mtoto mwenye macho ya rangi fulani, ninatafuta mtoto asiyelia usiku.

#3 Mzawa wa Muheza

Dada yangu, pole sana, na ninashukuru umeuliza bila kuficha. Nitajitahidi kujibu kwa heshima inayostahili swali lako.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuhariri seli za damu za mtu aliyekwisha kuzaliwa na kuhariri kiinitete. Mabadiliko ya kwanza yanaishia katika mwili wa mgonjwa huyo. Akizaa, mtoto hayarithi. Mabadiliko ya pili yanaingia katika kila seli, pamoja na yai au mbegu za kiume za mtoto huyo atakapokua, na yanapita kwa wajukuu na vitukuu ambao hakuna aliyewauliza. Kosa likitokea, hakuna namna ya kulirudisha nyuma. Mkasi unaweza kukata mahali pasipotakiwa, na katika kiinitete unaweza kubadili baadhi ya seli na kuziacha nyingine, mtoto akazaliwa akiwa mchanganyiko.

Jambo hili lilikwisha kufanywa, na lilifanywa vibaya. Mnamo Novemba 2018 mtafiti He Jiankui wa Shenzhen, China, alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha wa kike ambao jeni yao ya CCR5 aliihariri wakiwa viinitete ili wasiweze kuambukizwa VVU. Watoto hao hawakuwa na ugonjwa wowote wa kutibiwa, na zipo njia rahisi na salama za kumkinga mtoto ambaye baba yake ana VVU, kama alivyokuwa baba yao. Mabadiliko aliyoyafanya hayakufanana sawasawa na yale yanayotokea kimaumbile kwa watu wenye kinga hiyo, maana yake alitengeneza kitu kipya ndani ya binadamu bila kujua matokeo yake. Mahakama ya China ilimhukumu kifungo cha miaka 3 mwishoni mwa 2019. Kinachonisumbua zaidi ya hukumu yake ni wale watoto, ambao wataishi maisha yao yote wakifuatiliwa kwa uamuzi wa mtu mwingine.

Kwa ninyi wawili ambao ni AS, hesabu ya urithi inaeleza hivi: katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuwa SS ni mmoja kati ya nne, kuwa AS ni miwili kati ya nne, na kuwa AA ni mmoja kati ya nne. Uwezekano huo huanza upya kila mimba. Mtoto wa pili kuwa SS hakumpunguzii wala hakumwongezei wa tatu. Kwa hiyo, kwa wanandoa wanaotungisha mimba maabara, viinitete vingi havitakuwa SS, na vinaweza kupimwa na kuchaguliwa bila kuhariri chochote. Hoja ya kuhariri ingebaki kwa wanandoa ambao wote wawili ni SS, kwa kuwa kila mtoto wao atakuwa SS. Ninajua kwamba kutungisha mimba maabara nako ni ghali na kwamba kwa familia nyingi zetu ni jambo la kusikia tu, na wapo wenye dini na dhamiri zinazowazuia kukiacha kiinitete kwa makusudi. Nimekueleza ili uone kwamba lile unalolitafuta linafikiwa kwa njia isiyogusa urithi wa vizazi.

Lipo na jambo jingine, na kwa kweli ndilo lililobadili mawazo yangu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 utafiti wake wa Afrika Mashariki unaoonyesha kwamba watu wenye AS wanakingwa dhidi ya malaria kali, na kwamba jeni hii imeenea zaidi mahali malaria ilipoenea. Herufi ileile inayomuumiza mwanao akiwa nayo mara mbili, imewalinda mababu zetu waliokuwa nayo mara moja. Mwanasayansi aliyekaa mbali na mbu angeweza kuifuta kwa nia njema kabisa na kuwaacha watoto wa Muheza uchi mbele ya malaria. Kama hili tumelijua kwa jeni iliyochunguzwa kuliko karibu jeni nyingine yoyote ya binadamu, nashawishika kwamba zile ambazo hatujazijua vizuri tusiziguse kwa namna ya kurithisha.

Kuhusu huyo wa miaka 4 uliye naye: je, anatumia haidroksiurea? Samahani kwa kuuliza jambo la ndani mbele ya watu. Utafiti uliofanyika kwa watoto 606 katika Kinshasa, Luanda, Mbale na Kilifi, na kuchapishwa kuanzia Desemba 2018, ulionyesha kwamba wakiwa kwenye dawa hiyo mashambulio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa takriban nusu, kuongezewa damu kukapungua sana, na vifo vikapungua. Dawa hiyo nayo hufanya kazi kwa kuiamsha hemoglobini ya kijusi, lengo lilelile la tiba ya dola milioni 2.2, kwa kidonge. Haiponyi, inahitaji kupima damu mara kwa mara, lakini ipo. Tafadhali zungumza na daktari wake.

#4 Mwalimu wa Kigamboni

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu maumivu ya familia zenu. Nina hoja mbili za kupinga, naomba zisichukuliwe kuwa ni ukaidi.

Ya kwanza ni ya imani. Tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa yake, kwa hiyo sina tatizo na mgonjwa kutibiwa seli zake za damu. Kwangu hilo halina tofauti na kupandikizwa figo. Lakini kuamua maumbile ya mtu ambaye hajawa, ninaona kwamba tumevuka mpaka wa mja, na ninafurahi kwamba mwanzisha uzi amefika hapohapo kwa njia ya hoja za kisayansi.

Ya pili inahusu upimaji ambao nyote mnaonekana kuukubali bila swali. Historia inaogopesha. Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti selimundu mwaka 1972, na katika miaka hiyo majimbo kadhaa yaliwalazimisha watu weusi kupimwa. Watu wenye AS, ambao si wagonjwa, walinyimwa kazi na bima, na Chuo cha Jeshi la Anga kiliendelea kuwakataa hadi mwaka 1981. Nilipokuwa nikifundisha niliona binti akiachwa na mchumba wiki tatu kabla ya ndoa kwa sababu ya karatasi ya majibu. Yeye alikuwa AS, kijana hakuwa amepimwa kabisa. Familia ya kijana ilisema binti ana damu mbaya, na maneno hayo yalimfuata hadi kwao. Kabla ya kusambaza vipimo, nani atawafundisha watu maana ya herufi hizo mbili?

#5 Mswahili wa Muscat

Mwalimu, naomba nichangie kutoka huku. Ukoo wetu ulitoka Unguja, na selimundu tunayo, kama walivyo nayo Waomani wengi. Watafiti wa hapa walipochunguza asili ya jeni hii kwa wagonjwa wa Oman walikuta aina zaidi ya moja, ikiwamo ile inayoitwa ya Kibantu, ambayo ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki. Historia yote ya majahazi na biashara baina ya pwani mbili, na ya watu waliochukuliwa kwa nguvu, imeandikwa katika damu yetu. Majirani zetu wa Saudi Arabia waliweka sharti la kupima kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na wachumba wakikutwa wote wamebeba jeni hii hupewa ushauri na kuachiwa uamuzi wao. Miaka ya mwanzo wengi walifunga ndoa hivyohivyo kwa kuwa karamu ilishaandaliwa na mahari imeshalipwa. Baadaye idadi ya waliobatilisha uchumba iliongezeka. Somo ninaloliona ni kwamba kipimo cha wiki ya harusi kimechelewa. Kingekuja wakati wa shule, wakati ambao mtu hana wa kumwacha.

#6 Mteknolojia

Ninafanya kazi maabara, kwa hiyo nitazungumzia nilichokishika kwa mikono.

Kipimo cha haraka cha selimundu kwa mtoto mchanga ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Unamchoma kisigino, unachukua tone la damu, unalichanganya na kimiminika chake, unaweka kwenye kipande cha plastiki kinachofanana na kile cha malaria, unasubiri dakika chache na mistari inajitokeza kuonyesha hemoglobini zilizopo. Mtoto analia kidogo, mama anamweka ziwani, basi. Tofauti ya kumjua mtoto huyu akiwa na wiki mbili na kumjua akiwa na miaka 6 kama mdogo wake mwanzisha uzi, ni penisilini ya kinga, chanjo, kinga ya malaria, na mama anayejua kulipapasa tumbo la mwanawe kuangalia kama bandama imevimba ghafla. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mkasi wa CRISPR. Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa tangu mwaka 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na orodha yao ya maelfu ya wagonjwa ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani kwa kituo kimoja. Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, wameshaanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu wanaopata ndugu ambaye uloto wake unalingana na wao. Kwa hiyo tusizungumze kana kwamba tunaanzia sifuri.

Nataka pia kugusa vinasaba kama mali. Wengi nchini wanalijua neno vinasaba kutokana na kesi za kutafuta baba wa mtoto kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na tunayo Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Ni wachache wanaotambua kwamba damu anayoitoa mtu kwenye utafiti inaweza kuzaa dawa. Mfano ulio wazi ni wa jeni ya PCSK9. Kwa kuwachunguza Wamarekani weusi wa Dallas, watafiti walikuta baadhi yao wamezaliwa na jeni hiyo ikiwa haifanyi kazi, wana lehemu (kolesteroli) ndogo mno na ni nadra kupata ugonjwa wa moyo. Ugunduzi huo ulisukuma utengenezaji wa dawa zilizoidhinishwa mwaka 2015. Siri ilitoka katika vinasaba vya watu wenye asili ya Afrika, na dawa hizo ninaziona kwenye majarida tu. Afrika ina utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko bara lolote, lakini sehemu kubwa mno ya waliochunguzwa hadi sasa ni watu wenye asili ya Ulaya. Watakuja kuchukua sampuli zaidi, na wanapaswa kuja. Fomu ya ridhaa anayotia sahihi mama aliyechoka, saa 5 asubuhi, kliniki imejaa, mtoto mgongoni, ndiyo sehemu ya maadili ambayo mimi naishuhudia kila wiki. Nimezoea kumwomba mtafiti akae, aeleze kwa Kiswahili sampuli itakwenda wapi na itakaa miaka mingapi, kisha amwachie mama aende nyumbani na kurudi siku nyingine. Wengi wanarudi.

#7 Mzawa wa Muheza

Mwalimu, hoja yako ya upimaji imeniingia, na ninakubali kwamba nililipita jambo hilo haraka. Binti uliyemtaja hakudhulumiwa na kipimo. Alidhulumiwa na ujinga wa watu waliokisoma, na ujinga huo ni wajibu wetu kuuondoa kabla ya kusambaza karatasi. Ndugu wa Muscat amesema vyema kuhusu shule. Mimi ningeongeza kwamba majibu ya AS yasitolewe kamwe bila mtu wa kukaa na familia na kuieleza kwamba hakuna aliye mgonjwa hapo.

Mteknolojia, ahsante. Kuhusu bei, sitaki tuonekane tumekata tamaa. Mwaka 2019 taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani na Wakfu wa Gates zilitangaza kutenga dola milioni 100 kila mmoja kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazoweza kutolewa katika nchi maskini, na matumaini makubwa ni sindano itakayohariri seli ndani ya mwili bila tibakemikali wala kiwanda. Hiyo ndiyo tiba inayoweza kufika Muheza. Ikija, nataka iwe imejaribiwa pia kwetu, na wagonjwa wetu, chini ya kamati zetu za maadili, kwa makubaliano yaliyoandikwa tangu mwanzo kuhusu bei tutakayouziwa. Nchi iliyotoa wagonjwa kwa majaribio haipaswi kuisubiri dawa hiyo kwa miaka 20.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwa mdogo wangu, anauza vipuri vya pikipiki, nikamweleza habari hizi zote. Nilimuuliza kama angekubali, akitokea wa kumlipia. Alisikiliza huku akipanga boksi za plagi, akaniuliza angelazwa muda gani na nani angeshika duka. Nilipofika kwenye ile dawa ya kuua uloto, na kwamba watu wengine hawazai tena baada yake, aliacha kupanga. Binti yake wa miaka 3 alikuwa amekaa juu ya kaunta anachezea nati. Akasema, "Kaka, ningekuwa nimeipata nikiwa kijana, huyu asingekuwepo." Kisha akasema hata hivyo hawezi kumsemea mtoto anayelia leo na wazazi wake, kila mtu aamue akiwa ameelezwa. Halafu akaniomba, kama nikipita mjini, nimuangalizie haidroksiurea kwenye duka la dawa la pili, kwa sababu analonunulia imeisha na ana siku 11 hajameza.